Nyama ya Kuiva kwa Macho

Mteja wa nyama choma ana hatua zake na anazijua vizuri. Anakwenda dirishani kwenye bucha ya baa, anaonyesha kwa kidole mguu wa mbuzi uliotundikwa, anaagiza kilo moja na nusu ya paja, anasisitiza asiwekewe mifupa mingi, anaukodolea macho mzani, kisha anarudi kukaa. Kuanzia hapo hana usemi tena. Mambo yanabaki kati ya mchoma nyama, mkaa wake na foleni ya oda. Baadaye sinia linafika: nyama imekatwakatwa, chumvi pembeni, pilipili, kachumbari, ndizi za kuchoma. Nje imekolea kahawia na harufu inaita. Kipande cha tatu au cha nne, kile kilichokuwa karibu na mfupa, kinateleza chini ya meno na ndani kina wekundu. Mmoja mezani atasema hiyo imeiva, na huo ndio utamu wenyewe. Mwingine atakisogeza ukingoni mwa sinia bila kusema neno. Wa kumwita mhudumu ni nadra.

Wote wawili wanabahatisha, aliyekula na aliyekiacha. Rangi ya nyama ni shahidi mbaya wa kuiva. Wekundu ule wengi wanaudhani ni damu, kumbe damu karibu yote ilimwagika wakati wa kuchinja. Ni mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Joto huigeuza kahawia, lakini kiwango cha joto kinachoigeuza hubadilika kulingana na umri wa mnyama, asidi iliyomo kwenye nyama, muda ambao nyama ilikaa ikipigwa na hewa, na kama iliwahi kugandishwa. Nyama ya kusaga iliyolala kwenye friji inaweza kuwa kahawia tupu kabla haijafikia joto la kuua bakteria. Na nyama iliyoiva barabara inaweza kubaki na tabaka la waridi karibu na ngozi yake ya nje, kwa sababu gesi za moshi wa mkaa hushikamana na mayoglobini hiyo hiyo. Mchoma nyama mwenye uzoefu wa miaka ana jicho la ulaini na ladha, na hapo namvulia kofia. Jicho la bakteria hana, kama ambavyo mimi sina.

Kinachoua vijidudu ni joto pamoja na muda. Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza inawapa wapishi wa biashara uhuru wa kuchagua: nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 45, nyuzi 65 kwa dakika 10, nyuzi 70 kwa dakika 2, nyuzi 75 kwa sekunde 30, au nyuzi 80 kwa sekunde 6. Zote zinapimwa katikati ya kipande, mahali penye unene kuliko pengine. Shirika la Afya Duniani limefupisha habari yote hiyo kuwa namba moja ambayo kila jiko linaweza kuikumbuka: 70.

Ukizitazama vizuri namba hizo utaona kwamba moto wa taratibu ni rafiki. Wazee wanaochomeka nyama kwenye vijiti na kuviegemeza kandokando ya makaa, wakapiga soga saa nzima na zaidi huku wakivigeuza, wanaipa nyama muda wa kutosha hata kama joto lake si kali. Jiko la baa linafanya kinyume chake. Wavu uko karibu na mkaa, mkaa unapulizwa, ngozi ya nje inaungua kwa dakika chache, na katikati ya pande hakuna habari ya moto. Joto husafiri polepole ndani ya nyama, na lina kanuni moja ambayo wachomaji wengi hawajaelezwa: unene ukiongezeka mara mbili, muda unaohitajika ili katikati papate joto huongezeka karibu mara nne. Pande la sentimita sita halitaki muda maradufu wa lile la sentimita tatu, linataka mara nne. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuhusu usalama wa sinia lako ulifanyika kwenye gogo, wakati panga linaamua ukubwa wa kipande. Ndiyo maana mishkaki, licha ya kuuzwa barabarani penye vumbi, huiva kwa uhakika zaidi kuliko paja la baa yenye viyoyozi.

Kuna jambo la pili ambalo jicho halilioni, nalo ni mahali bakteria walipo. Msuli mzima wa mnyama mzima wa afya, kwa kawaida, hauna bakteria ndani. Wachafuzi wakubwa wa nyama, kama Salmonella na baadhi ya aina za E. koli, hutoka utumboni na kwenye ngozi, wakahamia juu ya nyama wakati wa kuchinja na kuchuna. Kwa hiyo steki nzima iliyobabuliwa pande zote na kubaki nyekundu katikati, ile wanayoiagiza watalii kwenye hoteli za Arusha na Unguja, haina hatari kubwa kama sura yake inavyotisha, mradi haikutobolewatobolewa kwa vyuma ili ilainike. Ukishaisaga nyama, hadithi inabadilika. Kilichokuwa juu kimeingia ndani, na nyama ya ng'ombe mmoja imechanganyika na ya wengine.

Marekani walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1993 baga za mikahawa ya Jack in the Box, nyingi katika jimbo la Washington, ziliwafanya zaidi ya watu 700 waugue kwa bakteria aina ya E. koli O157:H7, na watoto 4 walikufa. Sheria ya jimbo ilikuwa imeshapandisha joto la chini la kupikia nyama ya kusaga hadi nyuzi 68. Baga zile zilipikwa kwa kiwango cha zamani cha nyuzi 60. Nyuzi nane ndizo zilizotenganisha chakula cha mchana na figo zilizofeli. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilitangaza kwamba nyama ya kusaga yenye bakteria huyo haifai kuuzwa kabisa. Nalisema hili kwa sababu siku hizi Masaki na Mikocheni, jijini Dar es Salaam, baga inayovuja majimaji mekundu imekuwa alama ya ujuzi, na anayeomba iive zaidi anaangaliwa kama mshamba. Huyo mshamba ndiye mwenye akili. Kebabu na sambusa za mitaani, ambazo nyama yake ni ya kusaga vilevile, angalau zina mila ya kupikwa mpaka mwisho.

Kwa nini basi nyama mbichi inafika mezani wakati kila mtu jikoni anajua kwamba nyama huchomwa ikaiva? Watu wengi hujibu uzembe au ujinga. Mimi nasema ni hesabu. Nyama ikichomwa vizuri hupoteza maji na mafuta, na kati ya robo na theluthi ya uzito wake hupotea. Mahali pengi nyama hupimwa mbichi, mteja akalipia kilo, na hasara ya kukauka ni yake. Hapo muuzaji hana sababu ya uzito kuiwahisha nyama. Lakini sehemu inayouza vipande vilivyokwisha kuchomwa, au sahani yenye kipimo, kila dakika ya ziada juu ya mkaa inakula faida. Na hata pale panapopimwa mbichi, kuna shinikizo jingine: mpira unaanza, meza kumi zimeagiza kwa mpigo, wavu una nafasi ya meza nne, mteja wa meza ya kwanza ameshauliza mara tatu. Mchoma nyama analipwa kwa sinia linalotoka, halipwi kwa sinia linalongoja. Wateja tumemfundisha kwamba kuchelewa ni kosa na wekundu si kosa, kwa sababu kuchelewa tunakulalamikia kwa sauti.

Wengine wamepata njia ya kuikwepa foleni: wanachemsha kwanza, wanamalizia kwenye mkaa. Wapenzi wa choma halisi wanadharau njia hiyo, wanasema hiyo ni supu iliyopitishwa motoni. Kwa ladha wana hoja. Kwa usalama, mbuzi au kuku wa kienyeji aliyechemshwa mpaka akaiva kisha akachomwa papo hapo ni salama kuliko wengi. Ubaya unaanza pale anapochemshwa nusu asubuhi, akawekwa kwenye beseni chini ya meza, akafunikwa kwa gazeti, akangoja jioni. Nyama iliyopashwa joto kidogo na kuachwa kwenye hali ya hewa ya Dar es Salaam ni malisho ya bakteria. E. koli katika mazingira anayoyapenda hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo seli moja ikiachwa saa sita inakuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Kuku wa chipsi anaangukia humo humo: anakaangwa nusu mchana, anarundikwa kwenye kabati la kioo lenye taa, akija mteja anatumbukizwa tena kwenye mafuta mpaka ngozi ikauke. Mteja anaona mvuke, anaamini ameiva sasa hivi.

Mfano mzuri zaidi wa mtego huu ni ndafu. Ni mbuzi mzima, mgumu kuiva kuliko chakula kingine chochote kwenye sherehe zetu, kwa sababu mgongo wake ni mwembamba na paja lake ni nene. Ukingoja paja liive, mgongo umekuwa makaa. Ukiuokoa mgongo, kiungo cha paja bado ni kibichi. Wapishi wazuri hupasua paja mpaka kwenye mfupa kabla ya kuweka motoni, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya mtu anayeijua kazi yake. Sasa fuata ratiba ya harusi. Ndafu anatoka motoni alasiri ili apambwe. Anasimamishwa mezani na majani mdomoni, anasafirishwa kwenye pikapu hadi ukumbini, anangoja maharusi wanaochelewa, utambulisho wa ukoo, risala na muziki. Anakatwa usiku. Kanuni ya jumla inasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Ndafu wetu hukaa humo jioni nzima, na kisha kipande cha kwanza wanalishana maharusi. Sitaki ndafu afutwe kwenye harusi, mimi mwenyewe ni mpenzi wake. Nataka mbuzi wa picha na mbuzi wa kuliwa wawe na ratiba tofauti, na wa kuliwa arudi kwenye moto kabla ya kugawiwa.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwa sababu hapo ndipo nyama isiyoiva ina madhara makubwa kuliko pengine, na ndipo maelezo yamepotoshwa zaidi.

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata mayai ya tegu. Mayai hayo huanguliwa tumboni mwake, yakasambaa kwenye misuli na kuwa vifuko vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo bila kuiva sawasawa, tegu mkubwa, wa mita kadhaa, anakua utumboni mwake. Mara nyingi hasikii chochote. Mpaka hapo watu wengi wanajua. Sehemu inayosahaulika ni inayofuata: mtu huyo sasa ndiye anayetoa mayai kwa maelfu chooni. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu mwingine, au mwake mwenyewe, kwa mikono isiyooshwa au mboga iliyochafuliwa, hayawi tegu utumboni. Yanasafiri kama yalivyosafiri ndani ya nguruwe, yakajenga vifuko kwenye misuli, macho na ubongo. Vikijengeka kwenye ubongo, huleta kifafa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tatizo hili, karibu asilimia 30 ya kifafa chote kinatokana na tegu huyu. Kwetu maeneo hayo yanajulikana. Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu imetumika kwa miaka kwa utafiti wa wagonjwa wa kifafa waliopigwa picha za ubongo, na vifuko vikaonekana. Nyanda za juu kusini, hasa Mbeya na Mbozi, wafugaji wa nguruwe ni wengi, na si kila mfugo una banda wala kila nyumba ina choo. Hospitali zinatibu, dawa zipo, lakini wagonjwa wengi hupelekwa kwanza kwa waganga kwa sababu kifafa bado kinaitwa pepo.

Sasa fikiria maana yake kwa mkahawa. Anayekula kitimoto kibichi anajiweka kwenye hatari ya kupata tegu. Lakini anayeweza kupata kifafa ni mteja wa meza ya jirani ambaye hajawahi kugusa nguruwe maishani mwake, aliyekula kachumbari iliyokatwa na mpishi mwenye tegu asiyenawa mikono. Hili si nadharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa New York waliwakuta na vifuko vya tegu kwenye ubongo wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini, watu ambao nyama ya nguruwe ni haramu kwao kama ilivyo kwa Waislamu. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka kwenye nchi zenye tegu, ambao wenyewe hawakujua kwamba wanaye. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tanga au Mombasa anayesoma kichwa cha habari kuhusu kitimoto na kufungua ukurasa mwingine, akidhani hayamhusu, arudi. Choo cha mtu mwingine na mikono ya mpishi vinamhusu.

Kwa upande wa moto, tegu ni mnyonge. Vifuko hufa kwa joto ambalo hata Salmonella halimmalizi, na kitimoto cha kukaanga kwenye mafuta yake, kile kilichokatwa vipande vidogo na kuungwa kwa vitunguu na pilipili hoho, kinavimaliza bila shida. Kinachostahili kutiliwa shaka ni kile cha kuchoma kwa mapande manene, na hasa kwenye vilabu vya pombe vya vijijini ambako nguruwe hachinjwi machinjioni. Wafanyabiashara wa nguruwe wanajua kumpekua mnyama ulimi kabla ya kununua. Akikutwa na vinundu bei inashuka. Upekuzi huo huwakamata walioathirika sana tu, na bei kushuka maana yake mnyama bado ameuzwa. Aliyekataliwa na mnunuzi wa mjini haendi kufukiwa. Anachinjwa nyuma ya nyumba, mbali na mkaguzi, na anafika kwenye wavu wa mtu.

Mteja wa ng'ombe naye asijitape. Tegu wa ng'ombe yupo, ingawa haendi kwenye ubongo. Mkaguzi wa machinjio hupasua misuli ya mashavu, hukagua ulimi na moyo, na hupiga muhuri asipoona kitu. Nyama yenye vifuko vichache humpita kwa urahisi, kwa sababu hawezi kuipasua yote. Na muhuri huo haukuundwa kumkamata E. koli wala Salmonella, bakteria ambao ng'ombe mwenye afya tele hubeba utumboni bila dalili. Muhuri unasema mnyama hakuonekana mgonjwa. Kazi iliyobaki ni ya moto.

Isipokuwa palipo na kibudu. Moto hauna jibu la kila kitu, na hapa ndipo mipaka yake. Mnyama aliyekufa mwenyewe kwa kimeta hutoa bakteria wanaogeuka kuwa mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa kwa kawaida, na madhara huanza kwa anayemchuna kabla nyama haijafika jikoni. Familia za wafugaji wa Monduli na Ngorongoro zimeugua kwa njia hiyo. Vilevile sumu ya Stafilokokasi, bakteria anayeishi kwenye pua na vidonda vya mikono yetu, haiondoki kwa kupasha chakula upya. Bakteria hufa, sumu hubaki, na ndani ya saa chache mlaji anatapika. Anayesema "nitaichemsha tena" juu ya supu iliyolala kwenye sufuria usiku kucha anatibu nusu ya tatizo.

Turudi kwenye gogo. Nyama ikitoka motoni imeiva, hata kama imefikia nyuzi 80, inatupwa juu ya gogo lile lile ambalo mbichi yake ilikatiwa, ikakatwa kwa panga lile lile, na chumvi iliyomwagwa ukingoni ikiwa imeloa maji ya nyama mbichi ya oda iliyopita. Nyanya na vitunguu vya kachumbari mara nyingi vimepita hapo hapo. Kachumbari haipikwi. Kwa hesabu yangu, gogo moja kwenye baa yenye watu wengi linawaumiza wateja kuliko wekundu wote wa karibu na mfupa, na hakuna mteja anayelikumbuka anapoumwa tumbo Jumapili asubuhi. Atalaumu bia. Kuosha kuku mbichi kwenye karo kunaongeza balaa: matone yanaruka mpaka kwenye vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Limao na chumvi vinaondoa harufu, bakteria wanabaki.

Nani anapaswa kuyaona haya? Kisheria, Tanzania hatuna upungufu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo. Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 ilianzisha Bodi ya Nyama. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS, na mlangoni mwa mkahawa anayefika ni afisa afya wa halmashauri, bwana afya wetu wa siku zote. Akifika hutazama sakafu, rangi ya ukuta, choo, aproni, shimo la taka, na cheti cha upimaji afya ambacho mpishi anatakiwa kukihuisha kila baada ya miezi sita. Vyote ni vya maana. Lakini cheti kinaeleza hali ya siku ya kipimo, na ukuta uliopakwa rangi jana haujawahi kuivisha nyama. Afisa anayeondoka bila kupima joto la kipande hata kimoja, bila kuuliza kuku wa kwenye kabati ametoka kwenye mafuta saa ngapi, bila kuhesabu magogo, amekagua jengo. Chakula hakijakaguliwa.

Uzito wa jambo hili si wa kubuni. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 duniani waugue kila mwaka na kuua 420,000. Katika kanda ya Afrika peke yake wanaougua ni milioni 91 na wanaokufa 137,000. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaoumizwa zaidi. Kwa mtu mzima mwenye nguvu nyama isiyoiva ni siku mbili za choo. Kwa mtoto aliyepelekwa baa na baba yake Jumapili akalishwa minofu laini kwa sababu hana meno ya kutosha, inaweza kuwa kitanda cha wodi. Mjamzito naye anayo sababu yake ya kukataa wekundu: vimelea vya toksoplasma, vinavyopatikana kwenye nyama ya mbuzi na kondoo, humfikia mtoto tumboni.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kipimajoto cha kuchomeka, chenye sindano ndefu, kinaingia kwenye mfuko wa shati na bei yake ni ya kawaida kwa biashara inayochinja mbuzi kila siku. Kinachomekwa kwenye paja karibu na mfupa, bila kuugusa mfupa wenyewe, kinasomwa kwa sekunde chache. Kikifika 70 na kikakaa hapo dakika mbili, ubishi umekwisha. Gogo la pili linagharimu pungufu ya kreti chache za soda. Lipakwe alama ya rangi, la mbichi lisiguse iliyoiva, na kachumbari ikatwe jikoni kwenye ubao wake. Pande nene lipasuliwe mpaka kwenye mfupa kabla ya kwenda motoni. Hayo hayahitaji semina ya siku tatu wala posho.

Na wewe mteja, ukikuta kipande chenye wekundu usikifiche ukingoni mwa sinia. Mwite mhudumu, mwambie, "Kaka, rudisha hii motoni, na isikatiwe kwenye gogo la mbichi." Ukiulizwa kama utangoja, ngoja. Halmashauri nazo, kabla ya msimu wa sherehe wa Desemba, zimpe kila afisa afya kipimajoto chake na nafasi kwenye fomu ya ukaguzi ya kuandika namba aliyoisoma.